Kesi ya uzembe wa daktari huchukua muda gani: jibu kutoka Malindi

Dada uliyeuliza kuhusu mamako aliyeachiwa kitambaa tumboni baada ya oparesheni, kwanza pole sana, Mungu ampe afueni. Mimi niko hapa Malindi na kesi ya dadangu nimeifuata mwanzo mpaka mwisho, alitobolewa kibofu akizalishwa kwa upasuaji hospitali moja ya kibinafsi. Kwa nilivyoona jipangeni miaka mitatu mpaka mitano, na mtu akikata rufaa ongeza mingine juu. Anayekwambia miezi sita anakudanganya.

Sasa sikiliza, muda mwingi hauliwi na hakimu, unaliwa na faili na daktari wa kukutolea ushahidi. Faili ya hospitali ndiyo kesi yenyewe. Iombe kwa barua leo leo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri kuwa wamepokea, wakikuzungusha wakumbushe kifungu cha 35 cha katiba na ile sheria ya kupata habari ya 2016 inayotoa siku 21 za kujibu. Faili ya dadangu kurasa za daktari zote zilisema anaendelea vizuri, kumbe kwenye karatasi ya manesi wa zamu ya usiku kuna mstari kwa wino mwekundu, mkojo una damu, daktari amepigiwa simu, na saa imeandikwa pale kando. Mstari huo mmoja ndio uliotubeba. Nesi yule simjui lakini namuombea dua mpaka leo.

Shahidi daktari ndiyo shughuli sasa. Huku pwani madaktari wanajuana, wamesoma pamoja, wanafanya kazi pamoja, atakusomea faili na akwambie waziwazi hapa kuna makosa, ukitaja korti tu simu haishikwi tena. Tulizunguka Malindi, tukazunguka Mombasa, mwisho tukampata mzee mmoja mstaafu Nairobi, na hapo mwaka umeshapotea.

Baraza la madaktari, KMPDC, peleka malalamiko pia. Wao wanaangalia leseni na nidhamu, ila fidia ya kulazimisha mtu alipe hiyo ni ya korti, na uamuzi wao ukiwa upande wako wakili atautumia vizuri sana. Lakini usikae ukawasubiri! Sheria inahesabu: madai ya aina hii mwisho ni miaka 3, na dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Kwa vile kitambaa kimegunduliwa baadaye, iko njia ya kuiomba korti ruhusa ya kufungua kesi nje ya muda, lakini ombi lenyewe lisicheleweshwe na usilichukulie kama jambo la hakika.

Korti yenyewe ni mensheni baada ya mensheni, vile vikao vifupi vya kupanga tarehe na kuangalia kesi imefika wapi, mara wakili wao anaomba tarehe nyingine, mara hakimu kahamishwa. Siku hizi mensheni nyingi ni za mtandaoni, imepunguza nauli, hilo nashukuru, mtu wa Lamu hana haja ya kupanda boti kila mara kwa kitu cha dakika tano. Na si lazima uende Mahakama Kuu, hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai mpaka milioni 20. Mkiletewa upatanishi wa korti ukubalini mjaribu, unapewa siku 60, na hospitali ya kibinafsi inayoogopa jina lake kuchafuka inaweza kulipa hapo.

Hospitali ya serikali ni habari nyingine. Hata ukishinda huwezi kuwapelekea madalali wabebe mali yao, inabidi uchukue cheti cha deni kortini, wasipolipa urudi tena kuomba amri ya kumlazimisha afisa husika alipe, na watu wanazeeka hapo.

Hukusema hospitali ni ya kaunti au ya mtu binafsi. Nijibu hilo kwanza. Na kama ni ya kaunti na oparesheni ilikuwa mwaka jana, tafadhali kesho asubuhi uwe kwa wakili, hata kama faili bado hujapewa.