Kumpa kuku anayeatamia vifaranga wa kununua
Ndugu, umeuliza kama tetea wako wa kienyeji anayeatamia atawakubali vifaranga 10 wa siku moja ulionunua. Mara nyingi hukubali, ila subiri usiku, na awe ameshalalia mayai kama wiki mbili au zaidi. Aliyeanza juzi mwache kwanza.

Giza likishaingia, bila kummulika tochi machoni, penyeza kifaranga mmoja mmoja chini ya bawa huku ukitoa mayai taratibu. Kuku haoni vizuri gizani. Asubuhi anawakuta wanalia chini yake, anawachukua kama wake.

Alfajiri uwepo bandani, hili nakusisitiza sana! Ukisikia anawaita kwa ule mlio wa chini, shukuru Mungu. Akiwadonoa kichwani kwa nguvu, waondoe papo hapo uwarudishe kwenye joto la taa. Wangu aliua wawili kabla sijafika, hadi leo naumia.

Usichelewe. Vifaranga wakishapita siku tatu nne, wengi hawamfuati tena mama mgeni. Na wote wale chakula cha vifaranga, mama pia. Cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, kinawaumiza figo wadogo.