Gridi ya mita 500 imenivurugia mvua: ninunue kompyuta kubwa zaidi?

Swali: Natumia WRF, modeli ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa, kuchunguza mvua za radi. Kwa gridi ya kilomita 3, yaani eneo likigawanywa miraba yenye upana huo, mvua ilinyesha karibu na pale iliponyesha kweli. Nilipoishusha gridi hadi mita 500, upepo ukajaa mistari ya hewa inayopanda na kushuka, na mvua ikahamia kwingine. Mwenzangu anasema niongeze ulainishaji wa upepo mpaka mistari ipotee, kisha nishuke mita 250. Je, nitafute kompyuta yenye nguvu zaidi?

Jibu: Kompyuta yako haina kosa. Ushauri wa mwenzako ndio wenye kosa, na naukuta karibu kila wiki: mtu anaona upele, anaupaka poda, halafu anatangaza amepona.

Mistari ile ina chanzo kinachojulikana. Mchana wa jua, hewa iliyopashwa joto na ardhi hupanda kwa mafungu ambayo upana wake unakaribiana na kina cha tabaka la chini la angahewa, yaani kilomita 1 hadi 2 hivi. Gridi ya kilomita 3 haiyaoni kabisa mafungu hayo, ndiyo maana skimu ya tabaka la chini (fomula zinazokadiria kile ambacho gridi haikioni), iwe ile iitwayo YSU au nyingine, inabeba kazi yote ya kupandisha joto na unyevu. Kwa gridi ya mita 50 modeli huyaona yenyewe. Mita 500 ni katikati: modeli inayaona nusunusu, na skimu nayo inaendelea kana kwamba hayaonekani. Kazi moja imepewa wawili na hakuna anayeifanya sawasawa. Mwanasayansi wa angahewa John Wyngaard aliliandikia eneo hili la ukubwa wa katikati makala mwaka 2004, na mpaka leo halina tiba kamili.

Isitoshe, mita 500 si mita 500. Umbo la hewa linahitaji upana wa miraba kama 7 ndipo modeli ilichore kwa uaminifu. Kwa hiyo gridi unayoiona ndogo inaanza kuaminika kwenye kilomita 3 na nusu hivi. Kama una shaka, rudia siku ileile kwa mita 700 na kwa mita 400, usiguse kitu kingine, kisha pima nafasi kati ya mstari na mstari. Nafasi ikipungua kila gridi inapopungua, hayo si maumbile, ni gridi inayojichora yenyewe. Kuilainisha kunaficha ushahidi tu.

Ukitaka kweli kuuona msukosuko wa hewa, liruke eneo hilo la katikati. Toka mita 900 moja kwa moja hadi mita 100, na kwenye gridi ya ndani zima skimu kwenye mipangilio ya WRF: bl_pbl_physics iwe 0, diff_opt iwe 2, km_opt iwe 2. Kumbuka kwamba upepo unaoingia kutoka gridi kubwa unakuja umelainika, nao unahitaji kilomita kadhaa kabla msukosuko haujakomaa. Usichukue matokeo karibu na ukingo unakotokea upepo.

Lakini kama swali lako ni mvua itanyesha wapi, baki kilomita 3. Piga hesabu kidogo. Ukipunguza gridi kwa nusu, gharama inazidi mara 8, kwa sababu miraba inaongezeka pande mbili na hatua ya muda (muda ambao modeli inasogea mbele katika kila hesabu) inapungua kwa nusu. Kutoka kilomita 3 hadi mita 500 kwenye eneo lilelile ni mara 216. Kwa gharama hiyo ungeweza kuendesha modeli yako ya kilomita 3 zaidi ya mara 200, kila mara ukibadili kidogo data za kuanzia, ukajua mvua ile ilikuwa na uwezekano gani. Mwanasayansi wa hali ya hewa Edward Lorenz alionyesha mwaka 1969 kwamba makosa kwenye maumbo madogo ya hewa hukua haraka na kupanda hadi maumbo makubwa. Basi mvua kuhama mara moja hakuthibitishi chochote. Na ile iliyokaa mahali pake kwa kilomita 3? Huenda ilikuwa bahati.

Kinachonikera ni kwamba imani hii ya "gridi ndogo, ukweli mkubwa" imegeuzwa biashara. Kuna wanaouza utabiri wa mvua wa mita 100 ambao chini yake ni modeli ya dunia nzima yenye miraba ya kilomita 9 au 25, iliyogawanywa vipandevipande kwa hesabu rahisi. Kurekebisha joto kwa mwinuko wa ardhi ni halali. Mvua haigawanyiki hivyo. Hiyo ni danganya toto. Modeli za akili bandia nazo ni hodari kwenye mifumo mikubwa ya hewa, lakini nyingi zimefunzwa kwa data yenye miraba ya kilomita 25 hadi 30, tena kwa kupunguza kosa la wastani, jambo linalozifanya zipunguze makali ya dhoruba. Kuzibandika lebo ya kilomita 1 hakuziongezei kitu.

Muuzaji akikufikia, muulize miraba ya data asilia ina upana gani, na mlinganisho na vipimo vya mvua ulifanyika wapi. Usikubali siku moja aliyoichagua yeye. Dai msimu mzima, pamoja na siku ambazo alitabiri mvua na haikunyesha.