Mchwa wamekula madaftari ya babu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Isevya hapa Tabora. Marehemu babu alikuwa mrina asali, kaacha madaftari 7 kaandika mti gani unatoa maua mwezi gani, dawa, majina ya Kinyamwezi ambayo hata baba hayajui. Juzi nafungua sanduku nakuta mchwa washamaliza mawili. Baba mdogo anasema ndo dunia, hata maktaba ya Alexandria kule Misri iliungua siku moja elimu yote ikapotea. Ni kweli? Na yaliyobaki nifanyeje?
Mjukuu

JIBU: Marahaba mjukuu, pole sana. Baba mdogo kapatia nusu. Mwaka 48 kabla ya Kristo Julius Caesar, jemadari wa Roma, alichoma meli pale bandarini, moto ukafika kwenye vitabu, sawa, ila wasomi waliendelea kuwepo Alexandria miaka mingi tu baada ya hapo. Maktaba ilikufa polepole, vita, hela kukata, halafu vitabu vyenyewe vilikuwa vya mafunjo, haya haya yanayoota kwenye mabwawa ya Malagarasi, yakipata unyevu yanaoza, kwa hiyo lazima kila baada ya muda mtu akae ayanakili upya na asipokuwepo wa kunakili basi, kitabu kimekwenda bila hata kiberiti.

Na moto kuna mahali ulisaidia, usicheke. Ninawi, Iraq ya leo, mji ulichomwa mwaka 612 kabla ya Kristo, sasa maktaba ya mfalme Ashurbanipal ilikuwa ya vibao vya udongo, vikaiva kama tofali za tanuru, vibao na vipande kama 30,000 viko London mpaka leo.

Ya babu ni karatasi lakini, kwa hiyo fanya kama watu wa Timbuktu kule Mali. Mwaka 2012 wapiganaji walipouteka mji, mtunza maktaba Abdel Kader Haidara na wenzake walipakia miswada, yaani vitabu vya kale vya kuandikwa kwa mkono, kwenye masanduku ya bati wakaitorosha kwa magari na mitumbwi hadi Bamako, mji mkuu. Kati ya ile iliyobaki, kama 4,000 hivi ikachomwa au kuibwa.

Kwa hiyo toa hayo 5 nje, yakauke kivulini sio juani, kung'uta taratibu. Yaweke kwenye sanduku la bati juu ya tofali, mbali na ukuta. Dawa ya mchwa pulizia sakafuni, sio kwenye karatasi, na usikubali mtu wa steshenari akupigie lamineshen, ile haibanduki tena! Piga picha kila ukurasa karibu na dirisha, watumie ndugu watatu walio mikoa tofauti. Alafu yale majina ya miti, tafuta mrina asali mzee aliyebaki, nenda nae porini akuonyeshe mti wenyewe, anza na huyo kabla ya picha.