Kabla hujanunua betri nyingine ya hybrid, hakikisha sio waya inayokudanganya

Naanza na kosa langu mwenyewe maana ndo lilinifundisha. Ililetwa Toyota Prius ya 2007, hiyo ni hybrid, yani inatumia injini ya mafuta pamoja na betri kubwa ya umeme, jamaa anakaa Kimara, gari ina tabia ya ajabu, wiki nzima inatembea safi tu afu siku akipita matuta au asubuhi baada ya mvua ile pembetatu nyekundu inawaka, gari inakosa nguvu, anazima anawasha tena, kesho yake imetulia kama hamna kitu. Nikachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa kodi mbili za hitilafu (sio za TRA): P0A80 na P3016. Ya kwanza ukisoma maelezo yake inakwambia kabisa badilisha betri, ya pili inasema bloku ya 6 imechoka (betri kubwa imeundwa na vipande vinaitwa moduli, kila moduli mbili ni bloku moja). Nikafungua, nikatoa moduli mbili za bloku hiyo nikaweka nyingine, nikala hela ya watu. Siku 12 gari imerudi. Safari hii P3016 ipo palepale na imekuja na P3017, bloku ya 7.

Hapo ndo nikakaa chini nikafikiria. Moduli nilizoweka nilizipima mwenyewe, zilikuwa nzima, sasa inakuwaje bloku mbili zinazopakana zife kwa pamoja ndani ya wiki mbili?

Kitu ambacho wengi wetu tunasahau ni kwamba kompyuta ya betri haioni betri, inaona volti inayofika kwenye pini zake, basi. Betri ya hiyo Prius ina moduli 28 za volti 7.2, jumla 201.6, na kompyuta inazisoma mbilimbili, yani bloku 14. Kila mpaka wa bloku una waya mmoja mwembamba unaopeleka volti kwenye kompyuta, na huo waya mmoja unahudumia bloku mbili, ni mwisho wa bloku ya 6 na hapohapo ni mwanzo wa bloku ya 7. Ni kama bikoni kati ya viwanja viwili, mtu akiisogeza usiku huyu kiwanja kinapungua, jirani kinaongezeka, ila ardhi yote ni ileile. Kwaiyo ukiona bloku moja imeshuka volti 0.9 na ya jirani imepanda karibu 0.9 hiyohiyo, na ukizijumlisha unapata jumla ya kawaida ya bloku mbili, usiguse moduli. Huo ni waya.

Shida ni kwamba gari ikiwa imesimama gereji hilo huwezi kuliona, kila kitu kiko sawa na mita yako inakwambia betri nzima. Lazima uikamate ikifanya. Mimi natumia simu na kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka OBD (tundu la gari la kusomea hitilafu), app ya Dr. Prius au Hybrid Assistant inatosha kabisa, unaonyesha bloku zote 14 pamoja na ampea, mwenzako anaendesha wewe unaangalia. Sisi tulipanda kutoka Ubungo kwenda Mbezi, kile kilima ni kipimo kizuri maana betri inatoa umeme mwingi kupanda na inapokea ukirudi. Usiangalie namba peke yake, angalia inavyotembea na ampea. Seli iliyokufa (seli ni vile vibetri vidogo ndani ya moduli) inakupa pengo la karibu volti 1.2 ambalo halikuachi, linakaa hata ukisimama kwenye foleni. Moduli iliyochoka inazama polepole ukikanyaga mafuta na inachelewa kurudi. Nati iliyolegea au kopa (kile kipande cha shaba kinachounganisha moduli) iliyooza katikati ya bloku ni tofauti, ukikanyaga inashuka papo hapo, ukifunga breki inapanda juu ya wenzake papo hapo, ampea zikiwa sifuri iko sawa na wengine. Waya wa kusomea volti hauna adabu kabisa, unaruka hata ampea ni zilezile, na mara nyingi unaruka kwenye tuta. Yetu iliruka kwenye tuta, ya 6 chini ya 7 juu, nikacheka peke yangu ndani ya gari.

Halafu kabla ya yote pima betri ndogo ya volti 12 iliyoko nyuma. Ikiwa hoi, hybrid inatema kodi za kila aina na unaweza kupoteza siku nzima unafukuza upepo.

Kwenye kufungua sasa, hapa sina utani. Zima gari, funguo peleka mbali, toa waya hasi wa betri ndogo, vaa glovu za umeme za volti 1000 (sio zile za bustani, na zipulize kwanza uone kama hazina tundu), toa ile plagi ya rangi ya machungwa ya kukatia umeme wa betri kubwa, ikae mfukoni mwako, subiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye kapasita za inveta (kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota) uishe. Na hata plagi ikiwa nje, betri yenyewe bado ina moto wa kuua, plagi inaikata vipande viwili tu, haiizimi. Pete na saa acha nyumbani.

Nilichokuta kilikuwa wazi mno hadi nikaona aibu, kwenye waya wa mpaka wa 6 na 7 kuna unga wa kijani, kichwa cha waya kimeliwa nusu. Zile moduli zina alkali ndani, inavuja kidogo kidogo kwenye nguzo za betri inapanda kwenye kopa na waya, na hewa yetu ya Dar yenye chumvi na unyevu inamalizia kazi. Mara ya kwanza niliuona huo ukijani, nikaufuta na kitambaa nikafunga. Kitambaa! Dawa yake ni siki, inaua ile alkali, kisha unasafisha na maji ya betri (yale safi ya distilled, sio asidi), unakausha vizuri sana. Kopa zilizoliwa tupa, weka zilizopakwa nikeli. Nati kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), ni kama Nm 5.4 tu, ukikaza kwa hasira unang'oa nguzo na moduli ndo imeenda.

Usiishie kwenye moduli, fuata waya hadi kwenye plagi ya kompyuta ya betri, ukijani unapenda kujificha mle kwenye pini. Kupima waya, ufungue kwanza kwenye moduli (ukipima omu waya ukiwa umefungwa unaua mita), weka ncha moja kwenye kichwa cha waya nyingine kwenye pini, mwenzako autikise taratibu urefu wote. Usomaji wa mita unatakiwa ukae karibu na sifuri muda wote. Ukiruka hata mara moja, badilisha waya. Waya zote zikiwa nzima na usomaji bado unaruka, ndo uanze kuishuku kompyuta yenyewe.

Wenye Nissan Leaf (gari ya umeme mtupu), mantiki ni ileile ila pale jozi za seli ziko 96 na tofauti unaisoma kwa milivolti, app ya Leaf Spy inakuchorea vijiti 96, tafuta kimoja kifupi kimeshikana na kirefu.

Ile Prius moduli zake za zamani nilizozitoa nilizipima upya kwa kuzipa mzigo, zote mbili nzima. Jamaa nikamrudishia hela ya moduli, ya ufundi akanikatalia, akasema nimemfundisha mlima wa Mbezi una kazi.