Mtoto Anayetaja Neno Moja Moja

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Husema "maji" au "paka", lakini haunganishi maneno. Kila jioni humsomea kitabu cha picha, naye hunyamaza au hufunua kurasa kabla sijamaliza. Je, niendelee?
Mama, Tanga

JIBU: Endelea, mama, ila punguza kusoma na uongeze kuzungumza naye. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi 21 hadi 35, ambamo wazazi walifundishwa kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" na kurefusha kile alichosema mtoto. Baada ya mwezi mmoja, watoto hao waliwapita katika kujieleza wenzao waliosomewa kwa namna ya kawaida. Kwa hiyo akigusa picha na kusema "paka", wewe sema, "Naam, paka amelala mkekani," kisha uulize, "Na huyu anafanya nini?" na umsubiri. Kusubiri ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa sisi wazazi huharakisha kujijibu wenyewe. Akiruka kurasa, mfuate anakotazama. Kitabu si lazima kiwe na maandishi, wala hakuna sababu ya kuacha Kidigo au Kisambaa ikiwa ndiyo lugha ya nyumbani.

Hata hivyo, kwa umri wake, kutounganisha maneno mawili kunatosha kukufanya umpeleke kliniki akapimwe usikivu, hasa kama amewahi kutokwa usaha masikioni. Tafadhali usingoje atimize miaka mitatu.