Moduli Moja, Kipindi Kimoja

Nilipokabidhiwa kishikwambi, kimoja kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha wakapewa walimu, nilijifungia ndani mwisho wa wiki nikamaliza moduli tatu kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Jumatatu nikaingia darasani na kufundisha vilevile kama Ijumaa. Jambo hilo liliniuma.

Walimu wenzangu mnaosoma mtandaoni kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, jaribuni utaratibu ninaoufuata sasa: sifungui moduli mpya kabla ile niliyomaliza haijaingia kwenye kipindi, mbele ya watoto.

Somo lililonibadilisha lilihusu kuuliza maswali. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao mwalimu humwachia mwanafunzi afikiri baada ya swali. Akakuta ni sekunde moja hivi. Walimu waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema.

Nikaona hilo halinihusu. Hata hivyo niliweka simu mezani nikarekodi kipindi cha Hisabati, Darasa la Tatu. Usiku nikajisikiliza: "Kati ya nusu na robo, ipi kubwa?" Na papo hapo nimeshamtaja mtoto yuleyule wa dawati la mbele. Darasa la watoto 74, waliosema kipindi kizima ni wanne.

Kesho yake nikauliza tena, nikahesabu kimoyomoyo hadi tano. Ni sekunde ndefu kweli, mdomo unawasha. Mikono ikapanda mmoja mmoja. Binti wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake, akasimama: "Robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili." Alikosea, lakini jibu lile lilinionyesha nilichokuwa nimekiruka wiki nzima. Nikampa karatasi mbili zinazolingana. Moja akaikunja mara moja, nyingine mara mbili, akazilaza juu ya dawati. Akazitazama kwa muda, kisha akainua ile ya nusu bila kuambiwa. Nilipouliza nani mwingine alidhani kama yeye, mikono ilijaa.

Nikamweleza mwenzangu wa Darasa la Nne. Akaja kukaa nyuma ya darasa langu na saa, nami nikaenda kwake. Hapo ndipo nilipoiona thamani ya Jumuiya ya Ujifunzaji, yaani walimu wa shule kujifunza pamoja. Nimeshuhudia pia mwalimu mmoja akiwajibia wenzake sita maswali ya moduli ili taarifa ya shule ionekane imekamilika. Hao sita wamedhulumiwa, na watoto wao pia. Wakuu wa shule, naomba mtenge muda wa kusoma ndani ya saa za kazi, maana jioni mwalimu amechoka na bando ni la mfukoni mwake.

Kuhusu mtandao, kwetu unashika vizuri karibu na tangi la maji. Napakua maandishi na video pale asubuhi kabla ya paredi, nasoma nyumbani bila bando. Na nina daftari: kila moduli ukurasa mmoja, tarehe, nilichojaribu, watoto walifanya nini.

Wiki hii niko kwenye moduli ya upimaji. Ukurasa wake bado mweupe. Kipindi ni Alhamisi.