Je, mabaharia wa zamani waliwaabudu watakatifu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Niko masomoni Bari, Italia. Katika makanisa ya zamani na makumbusho ya huku mara nyingi nakuta Mtakatifu Nikolao amechorwa akiokoa chombo kwenye dhoruba. Rafiki yangu mlokole anasema watu wa pwani wa enzi hizo walimwacha Mungu wakamwabudu binadamu. Nimjibu nini?

JIBU: Milele amina, mwanangu.

Anza na kisa ambacho michoro hiyo imetoka. Nikolao alikuwa askofu wa Myra, mji wa pwani ya Uturuki ya leo, katika karne ya 4. Simulizi lililoenea Ulaya yote katika Zama za Kati lasema mabaharia waliokaribia kuzama walimwita, wakamwona kati yao akishika kamba na tanga pamoja nao, bahari ikatulia. Walipofika Myra waliingia kanisani, wakamtambua, wakaanza kumshukuru. Akawaambia shukrani ni za Mungu: wameokolewa kwa huruma yake na kwa imani yao. Basi rafiki yako amejibiwa na kisa chenyewe kabla hata hajauliza.

Ukipata nafasi ya kwenda Vatikani, tafuta kipande cha altare alichochora Gentile da Fabriano mwaka 1425. Mabaharia wengine wanasali, wengine wanatupa mizigo baharini kupunguza uzito, na nguva, yule wa hadithi aliye nusu mtu nusu samaki, anaogelea pale chini. Nikolao yuko juu angani. Hakuna aliyeacha kazi ili amsujudie. Mimi huupenda mchoro huo kwa sababu hiyo.

Mafundisho ya Kanisa yalikuwa yamekwisha kuwekwa wazi muda mrefu kabla ya hapo. Mtaguso wa pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 787, ulisema ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake, na heshima inayopewa picha humwendea yule aliyechorwa.

Je, watu wote walishika hivyo? Hapana, na usimfiche rafiki yako. Chukua Mtakatifu Kristofa, yule jitu anayemvusha Mtoto Yesu mtoni. Uingereza walimchora mkubwa mno ukutani, mara nyingi mkabala na mlango, ili hata mpita njia amwone. Kanisa la Breage, kule Cornwall, bado linaye wa karne ya 15. Watu waliamini kwamba ukimwona asubuhi, siku hiyo hutakufa kifo kibaya, yaani bila maungamo. Hapo picha imekuwa hirizi. Waliolikemea jambo hilo ni pamoja na padre, Erasmus wa Rotterdam. Mwaka 1523 aliandika juu ya abiria katika dhoruba aliyemwahidi Kristofa kwa sauti kuu mshumaa mkubwa kama sanamu yake. Mwenzake alipomwonya kwamba hata akiuza mali yake yote hataumudu, alimnong'oneza anyamaze: akifika nchi kavu hatampa hata mshumaa wa shahamu!

Na huko Bari kwenu, masalia ya Nikolao, yaani mifupa yake, yaliletwa na mabaharia kutoka Myra mwaka 1087, wakiwawahi watu wa Venisi waliokuwa wakiyataka pia. Tuseme wazi, waliyachukua kwa nguvu, na ndani ya ibada hiyo kulikuwa na biashara na fahari ya mji. Papa Urbano II aliyaweka kaburini mwaka 1089.

Rafiki yako atakutajia 1 Timotheo 2:5, mpatanishi ni mmoja. Ni kweli kabisa. Lakini mistari michache juu yake, katika sura hiyohiyo, Paulo anawaagiza waamini waombeane. Kifo hakimtoi mtakatifu katika mwili wa Kristo, na Ufunuo 5:8 unawaonyesha wazee wa mbinguni wakishika vitasa vya maombi ya watakatifu. Kwa hiyo ukishuka kwenye kaburi la Nikolao, mwombe akuombee, kisha upande juu ukaabudu mbele ya Ekaristi. Ukiweka nadhiri, iwe ya kitu unachoweza kukitoa.